Mwanamke Aliyemwagilia Chuma

Mishi hakuwahi kumheshimu mtu kwa sababu ya ndevu zake, na majirani wa Chang'ombe walilijua hilo mapema. Alipoletwa Dodoma kutoka Kondoa, mke mpya wa Ibrahimu fundi wa kuchomelea, alimkuta mumewe anamalizia geti la mteja. Akalizunguka, akalaza kichwa upande, akasema, "Hili limepinda kama mguu wa punda."

Ibrahimu alikuwa mtu wa kucheka. Akamrushia utepe wa kupimia. "Haya, pima wewe."

Mishi akapima. Geti lilikuwa limepinda.

Basi ndivyo alivyoingia karakanani, kitenge kiunoni na ulimi mkali mdomoni, na hakutoka tena. Miaka ilivyokwenda akaja kuijua kazi kuliko aliyemfundisha. Ibrahimu alilitangaza hilo kwa wateja bila haya, na wateja wakacheka wakidhani ni mzaha wa mume anayempenda mkewe. Mishi hakuwasahihisha. Aliona mtu asiyeweza kutofautisha mshono mzuri wa chuma na kinyesi cha kuku hastahili kusahihishwa.

Mafundi wenzake wa mtaa ule ndio aliowadharau kuliko wote. Aliwaita mafundi wa miwani ya harusi, maana walichomelea wakiwa wamevaa miwani myeusi ya barabarani, kisha usiku, mwanga ukiwa umewaunguza, wakajibandika vipande vya viazi machoni wakilia kama wamefiwa. Walivaa mashati ya nailoni yanayoyeyuka cheche zikiyagusa. Walichomeka nyaya uchi kwenye soketi na kuzibana kwa njiti za kiberiti. Alikuwepo mmoja aliyechomelea pipa lililowahi kuwa na petroli. Likamrusha yeye na paa la jirani yake, akanusurika, na wiki iliyofuata alikuwa kijiweni anasimulia kama shujaa aliyerudi vitani. Mishi alipita pale, akasimama, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Pipa lilikuwa na akili kukuzidi. Lenyewe lilijua litalipuka." Akaendelea na safari yake ya sokoni.

Karakana ya Ibrahimu haikuwa hivyo. Mashine yao ilikuwa sanduku zito la chuma, la zamani, lenye usukani juu wa kuongeza na kupunguza moto. Walipoinunua walimwita fundi umeme mwenye leseni, akawafungia swichi kubwa ukutani, mahali pa kufikiwa kwa hatua chache. Kisha akachimba shimo refu nyuma ya ukuta na kuzika humo fimbo ya shaba, akaizungushia mkaa na chumvi. Kutoka kwenye fimbo ile akavuta waya mnene hadi kwenye mwili wa mashine. Huo ndio waya wa ethi. Akawaeleza kwamba ikitokea siku waya wa ndani umechubuka na umeme ukagusa sanduku, umeme huo utakimbilia ardhini kupitia shaba, swichi itajikata yenyewe, na mtu atabaki mzima.

"Lakini ardhi yenu hii ya Dodoma," akasema yule fundi akipangusa vumbi usoni, "kiangazi inakuwa kama majivu. Udongo mkavu haupokei umeme. Mpeni maji."

Ibrahimu alisahau. Mishi hakusahau. Kila kiangazi kilipoingia, upepo ukianza kubeba vumbi jekundu kutoka mashambani, alibeba ndoo hadi nyuma ya ukuta na kumwaga maji pale penye fimbo. Watu walimwona. Wakapata la kusema: yule Mrangi wa Kondoa amechanganyikiwa, anamwagilia chuma kama nyanya. Na siku ambazo hakuna kazi alizima swichi, akafungua mfuniko wa mashine, akapuliza vumbi na unga wa chuma uliojazana ndani, akakagua nyaya moja moja na kukaza skrubu zilizolegea. Hakuna aliyewahi kurushwa na umeme kwenye karakana ile. Hilo majirani hawakulisema, kwa sababu jambo ambalo halikutokea halina masimulizi.

Kisha Ibrahimu akafa, kwa maradhi ya figo, akiwa bado na nguvu za kuinua geti peke yake.

Walikuwa na mtoto mmoja, Sabrina, aliyekuwa sekondari. Mirathi ikagawanywa kwa sheria ya dini, na mdogo wake marehemu, Nurdini, akapata fungu lake. Fungu hilo Mishi hakulipinga. Ni haki yake. Kilichomshangaza ni jinsi fungu lilivyofura. Kwenye kikao cha familia, Mzee Bashiri, baba mdogo wa marehemu, alikohoa, akaweka fimbo yake magotini.

"Karakana inataka mwanaume mbele," akasema. "Mishi atasaidia, hatumfukuzi. Lakini Nurdini ndiye atasimama."

"Asimame wapi, mzee wangu?" Mishi akauliza. "Maana kuchomelea hajui."

"Atajifunza."

"Kwa nani?"

Nurdini akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemvumilia mgonjwa.

Nurdini huyu alikuwa ameshika shughuli nyingi maishani, na zote zilimfia mikononi, kuanzia kuku. Baada ya kuku yakaja mashudu ya alizeti, yakaoza. Yakaja makubadhi, ya mguu wa kushoto tupu, kwa sababu hakufungua gunia kabla ya kununua. Lakini alikuwa na kanzu safi, sauti nzuri, na kipaji cha kukaa kwenye kiti kana kwamba kiti kimeumbiwa yeye. Alifika Chang'ombe na kiti chake mwenyewe. Akakiweka mbele ya karakana, na wateja wakaanza kumwita Injinia siku hiyohiyo.

Kazi ilifanywa na Mishi pamoja na Nikodemo, Mgogo mtu mzima aliyetoka Kibakwe na familia yake, ambaye Ibrahimu alikuwa amemwajiri zamani. Nikodemo alikuwa mtulivu, mwenye mikono mizito na heshima nyingi. Injinia alikuwa mwenye maoni. Alitaka madirisha yaliyokwisha yaegemezwe ukutani, palepale penye swichi kubwa, ili yaonekane kutoka barabarani.

"Shemeji," Mishi akamwambia, "pale pana swichi. Pakitokea jambo tutaifikiaje?"

"Jambo gani?"

"Jambo."

"Wanawake mnapenda kuita balaa," Nurdini akasema, akamwashiria Nikodemo aendelee kupanga. "Ukuta ni wa biashara, si wa hofu."

Mishi akavaa kofia yake ya kuchomelea, akashusha kioo cheusi, na nyuma ya kioo kile hakuna aliyeona uso wake ulikuwaje.

Ndani ya miezi michache Nurdini aliona anaweza kuchomelea pia. Alikuwa ametazama vya kutosha, alisema. Ni kugusisha tu na kuvuta. Kofia ilimchafulia kilemba, akaiacha. Glovu zilimfanya atoe jasho, akaziacha. Alivaa kandambili. Alipotaka kusogeza mashine aliivuta kwa waya wake wa umeme, kama anavuta mbuzi mkaidi. Mishi alimwonyesha pale waya unapoingia kwenye sanduku, akamwambia mpira wa kuulinda umeshachomoka na ukingo wa bati unaukata. Nurdini akachungulia.

"Mbona inafanya kazi?" akasema.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Mbona inafanya kazi. Mishi alikuja kuyachukia maneno hayo kuliko matusi.

Alipotaka kufungua mashine kuipuliza vumbi, Nurdini alikataa. Alisema wateja wakiona mashine imefunguliwa watadhani imeharibika. Ndoo ya maji nyuma ya ukuta nayo ikakoma. Siku moja, mwishoni mwa kiangazi, Mishi alizunguka nyuma kutafuta kipande cha nondo, akakuta shimo. Fimbo ilikuwa imeng'olewa. Waya mnene wa shaba nao haukuwepo, wote, hadi kwenye sanduku la mashine.

Alirudi mbele taratibu. Nurdini alikuwa kwenye kiti chake anakunywa chai.

"Waya wa ethi uko wapi?"

"Ule wa nyuma? Nimewapa wanunuzi wa chuma chakavu. Shaba ina bei siku hizi." Akapuliza chai. "Waya usiopitisha umeme una kazi gani, shemeji? Tangu siku ile ufungwe haujawahi kufanya kitu."

"Haujawahi kufanya kitu," Mishi akarudia.

"Na ethi si hii hapa?" Nurdini akainua lile koleo la kubana kwenye chuma kinachochomelewa, akalitikisa mbele yake kama mwalimu anayemwonyesha mtoto herufi. "Hii ndiyo ethi. Mafundi wote wanaiita hivyo."

"Hiyo inarudisha moto wa kuchomelea kwenye mashine. Haimlindi mtu. Ile uliyouza ndiyo ilikuwa inakulinda wewe."

"Mimi nalindwa na Mungu."

"Mungu alikupa akili ili asiwe na kazi nyingi," Mishi akasema. "Mashine hiyo isiwashwe mpaka waya urudi. Nimesema. Nikodemo, umesikia? Usiiguse."

Nikodemo akaitikia kwa kichwa. Nurdini akacheka, akaiwasha mwenyewe mchana uleule.

Hapo Mishi angeweza kufanya zaidi. Angeweza kuifunga swichi kwa kufuli. Kufuli alikuwa nalo ndani, kwenye droo. Hakufanya. Alikaa kwenye benchi lake akinoa patasi zisizohitaji kunolewa, akiwa ameshasema lake. Watu wenye dharau wana ugonjwa huo: wakishasema mara moja hujiona wamemaliza deni lao kwa dunia.

Siku zile za ukavu mashine ikaanza kumsumbua Nurdini kidogokidogo. Akigusa sanduku, vidole vinamsisimka.

"Inatekenya," akamwambia Nikodemo huku akicheka.

"Mashine haitekenyi," Mishi akasema kutoka kwenye benchi. "Inapiga hodi."

Desemba mvua ikaja, ile mvua ya Dodoma inayochelewa, kisha inamwaga yote kwa mara moja. Ilipokatika asubuhi moja, uwanja wa karakana ulikuwa tope jekundu. Kulikuwa na geti la mteja wa Nzuguni lililochelewa, na mteja alikuwa amesimama palepale, ana hasira. Injinia aliona ni wakati wa kuonyesha uinjinia. Akavaa kandambili zake, akaingia kwenye maji yaliyotuama, akawasha, akachomelea mshono mmoja, akaona moto ni mdogo. Akanyoosha mkono kwenye usukani ulio juu ya mashine ili auongeze.

Hakupiga kelele. Ndilo jambo ambalo Nikodemo alilisimulia baadaye kila mara, kwamba hakupiga kelele. Alitoa sauti kama mtu anayekwaruza koo. Mkono wake ulijifunga kwenye ule usukani na haukufunguka, na mwili wote ukaanza kutetemeka, kilemba kikaanguka topeni.

Nikodemo akatupa nyundo, akaruka kumshika.

"Usimguse!" Mishi akapiga ukelele. "Nikodemo, utakufa naye! Usimguse!"

Nikodemo akasimama, mikono hewani. Mishi alikuwa tayari anakimbia, si kwa Nurdini bali ukutani, na ukutani kulikuwa na madirisha. Yalikuwa yamepangwa mengi, mazito, yameegemeana. Hakuna nafasi ya kupitisha mkono. Akapanda juu yake. Moja likateleza, akaanguka nalo, ncha ya chuma ikampasua muundi wa mguu, akainuka, akaparamia tena, akapenyeza mkono nyuma ya fremu hadi bega likakwama, akaigusa swichi kwa ncha za vidole, akaivuta chini.

Nurdini akaanguka kama gunia.

Alikuwa anapumua. Mishi aliweka sikio kifuani mwake kuhakikisha, akamgeuza ubavu, akamwambia Nikodemo asimamishe bajaji. Mteja wa Nzuguni alikuwa ameshatoweka. Walipokuwa wanampakia, Nurdini akafumbua macho, akamwona Mishi, akajaribu kusema.

"Nyamaza," Mishi akamwambia. "Umesema vya kutosha mwaka huu."

Hospitali walimweka wiki kadhaa. Kiganja kilikuwa kimeungua hadi ndani, na kilipopona vidole vitatu vilibaki vimejikunja. Kabla hata hajatoka, Mzee Bashiri alifika Chang'ombe na wazee wenzake wawili. Walikaa karakanani kwa uzito. Mishi akawasalimu, shikamoo kwa kila mmoja, akawaletea maji.

"Kuna maneno," Mzee Bashiri akaanza.

"Yapo siku zote, mzee wangu."

"Watu wanasema ulimwambia mashine inapiga hodi. Kisha ikampiga. Wanauliza ulijuaje." Akashusha sauti. "Wanasema kuna kitu ulizika nyuma ya ukuta, na ulikuwa unakimwagia maji."

Nikodemo, aliyekuwa pembeni, akageuka kutazama barabarani. Mishi hakugeuka. Aliwatazama wazee wale watatu mmoja mmoja, akainuka, akahakikisha swichi imezimwa, akachukua bisibisi na kufungua mfuniko wa mashine mbele yao. Vumbi lilikuwa limejaa humo kama unga kwenye kinu. Akalifuta kwa brashi, akavuta waya pale unapoingia, akawaonyesha: ngozi ya waya ilikuwa imekatwa na bati, shaba inang'aa, bati limeungua jeusi.

"Jini lenyewe hili," akasema. "Limezaliwa kwa kuvutwa. Na kile nilichozika ndicho kilikuwa kinalizuia, mwanenu akakiuza kwa wanunuzi wa chakavu. Mkitaka kumwita mganga, mwiteni, lakini aje na viatu vya mpira."

Mzee mmoja akacheka, akajizuia. Mzee Bashiri alichungulia ndani ya mashine kwa muda mrefu, akitikisa kichwa kama anaelewa. Hakuelewa kitu, na Mishi alijua haelewi, na mzee alijua kwamba Mishi anajua. Akanywa maji yake.

"Basi karakana," akasema hatimaye, "kwa sasa... endelea nayo wewe."

"Kwa sasa," Mishi akasema. Hakuongeza neno, na hilo lilimchoma mzee zaidi ya neno.

Walipoondoka, Nikodemo akamwuliza swali alilokuwa amelibeba.

"Mama Sabrina, lile kufuli si ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo."

"Sasa?"

Mishi alikuwa anapuliza vumbi ndani ya mashine. Akaacha. "Nilitaka imng'ate kidogo," akasema. "Kidogo tu, ajue." Akapangusa midomo kwa mgongo wa mkono. "Umeme haujui kidogo. Hilo nalijua tangu siku ya kwanza, na bado nilitaka."

Nikodemo akaenda kuyahamisha madirisha kutoka ukutani, yote, hadi ukuta ukabaki mtupu na swichi inaonekana kutoka kila upande. Wiki hiyo wakamwita tena fundi umeme, akaweka waya mpya na fimbo mpya.

Nurdini hakugusa tena mashine. Aliporudi kwao Kondoa alisimulia kwamba mkono wake ulinaswa, akasoma dua, umeme ukamwachia. Kila aliposimulia, dua ilizidi kuwa ndefu. Mishi alizipata habari hizo kwa mashemeji, na walitegemea atalipuka. Alisema tu kwamba mtu mwenye uongo mmoja mzuri maishani aachwe nao, asije akarudia biashara ya kuku.

Fungu la Nurdini alilinunua kidogokidogo hadi likaisha. Akahamishia karakana Nzuguni, kwenye nyumba mpya zinazoota kila wiki, na kazi ikawa nyingi hadi akaanza kuwakataa wateja ambao hakupenda namna wanavyoongea. Aliwapoteza wengine wazuri kwa sababu hiyo. Sabrina, aliyekuwa sasa anamaliza chuo, alimwambia, "Mama, si kila mtu mjinga. Wengine hawajui tu." Mishi alijibu kwamba hajaona tofauti. Lakini kuanzia hapo alikuwa akimweleza mteja mara mbili kabla ya kumfukuza.

Sabrina alipochumbiwa, likazuka jambo ambalo Mishi hakuwa amelifikiria. Baba hayupo, babu hayupo, kaka hana. Wa kumwozesha ni baba yake mdogo.

"Hakuna mwingine?" Mishi akauliza.

"Hakuna, mama. Ni baba mdogo Nurdini."

Akaja. Kanzu safi, sauti nzuri ileile. Alimwozesha binti vizuri, hakukosea neno, na hata Mishi, aliyesikiliza kutoka chumba cha wanawake akitafuta kosa, hakulipata. Kisha watu wakaketi kula. Pilau ikaletwa kwenye sinia, wanaume wakazunguka. Mishi alikuwa anapita na jagi la maji ya kunawa alipomwona Nurdini amekaa mbele ya sinia, mkono wa kulia magotini, umefichwa chini ya shali. Wenzake wanamega, wanapiga stori, yeye anachekacheka bila kula. Vidole vile havikuweza kukusanya tonge, na kwa mkono wa kushoto hakutaka kula mbele ya watu.

Mishi akarudi jikoni, akatoka na kijiko, akainama kama anayeweka kitu kingine, akakiweka kando ya goti lake.

Nurdini akakitazama kijiko. Akamtazama yeye.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "asante. Na kwa siku ile..."

"Kula," Mishi akamwambia. "Kinapoa."